Zamu ya Bi Zena

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa Desemba, mwanangu, nimesimama ukingoni mwa korongo, viatu viko mkononi, na mtoto wangu yuko ng'ambo ya pili katika nyumba ya mwanamke niliyekuwa namsalimia kwa midomo tu, moyo haumo. Katikati yetu maji. Si yale maji ya kupandisha khanga magotini ukavuka unacheka, la hasha. Maji mekundu, yamebeba miti mizima, yananguruma mpaka mtu aliye begani kwako ukimsemesha anakuuliza, "Unasemaje?" Nimezaa, nimezika, nimekula chumvi nyingi katika nchi hii yetu ya mawe na upepo, lakini nilichokiona jioni ile kikinijia hata leo, mwili wote unanisisimka. Kaa chini, usiwe na haraka, mimi hadithi zangu hazina njia ya mkato.

Juzi ulinipigia simu ukaniuliza, "Shangazi, shule zinafunga, mimi na baba yake wote tuko kazini, mtoto nimwache na nani?" Nikanyamaza. Ukadhani mtandao umekata, ukawa unaita haloo, haloo. Mtandao haukukata, mwanangu. Ulikuwa umeniambia kwamba dada wa kazi ameondoka, kwamba kituo cha kulelea watoto nacho kinafunga, na kwamba jirani yako mnayetenganishwa na ukuta mmoja hapo mjini humjui hata jina. Kisha ukasema unafikiria umfungie mtoto ndani na katuni za televisheni, ufunguo uondoke nao kwenye mkoba. Weee! Nikasema huyu nikimjibu kwenye simu nitamtukana, na mimi nimeacha kutukana watu tangu nimekuwa mzee wa kanisa. Ngoja aje, nimsimulie uso kwa uso.

Wakati huo nilikuwa binti kama wewe, nimeolewa juzi juzi tu katika kijiji kile kilichopo kati ya Ilongero na Mtinko. Nilikuwa mhudumu wa zahanati. Nafagia, nachemsha vifaa, nawaita wagonjwa majina, nambeba mama mjamzito akizidiwa. Zahanati iko ng'ambo moja ya korongo, nyumba zetu ng'ambo nyingine. Baba Neema alikuwa fundi huko Manyoni, kwenye mambo ya reli, tunamwona mwisho wa mwezi. Neema, mtoto wangu, mwaka huo ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Shule ikiwa wazi anatoka mchana, mimi natoka jioni, na pale katikati roho yangu haikai. Likizo ndiyo ilikuwa balaa zaidi. Wagonjwa hawana likizo, mwanangu. Na Desemba kwetu unaijua, mvua ikigusa ardhi kila mwenye mikono yuko shambani anapanda uwele na alizeti, hata vikongwe wanashika jembe. Mtoto atabaki na nani? Abaki na kuku?

Sasa nikueleze desturi moja, maana ninyi mmezaliwa mjini maziwa mnayaona kwenye pakiti. Kwetu ndama hawaendi malishoni na ng'ombe wakubwa. Wakienda watanyonya kutwa, na jioni utakamua nini? Kwa hiyo ndama wa nyumba za jirani hukusanywa pamoja, wakachungwa hapo hapo karibu na nyumbani, kwa zamu. Leo nyumba hii, kesho ile. Jioni mwenye zamu anaiegemeza fimbo kwenye ua wa minyaa wa nyumba inayofuata, na hapo hakuna mjadala. Uwe na mgeni, uwe na mafua, uwe umenuniana na dunia nzima, fimbo ikikufikia unachunga.

Na kuna neno moja hapo ambalo hakuna aliyenifundisha, nililikuta tu nilipoolewa. Huwezi kumzuia ndama wako nyumbani siku ya zamu ya jirani. Ukimzuia, hukufungua mdomo, lakini umesema. Umesema mwenzako ni mchawi, na kijiji kizima kimesikia. Nimeona watu wamegombea mpaka wa shamba mpaka wakashikana mashati, na asubuhi yake kila mmoja kampeleka ndama wake kwa mwenzake bila kununa. Ugomvi ni wa watu wazima, ndama hahusiki.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nene, akikohoa tu mbwa wananyamaza. Basi siku shule zinafunga, akitoka kisimani, akawakuta watoto wa jirani wako juu ya jabali peke yao, wanachezea kiberiti kwenye majani makavu. Chini ya jabali lile lile, ndama wanachungwa na mtu mzima mwenye fimbo. Mama alitua ndoo. Aliwatazama watoto, akawatazama ndama, akawatazama tena watoto. Jioni akatuita, kina mama na kina baba wa nyumba zetu chache, akatuuliza, "Ndama wana mchungaji. Hawa je?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka hata kidogo.

"Nawauliza. Ndama akipotea tunatoka kijiji kizima na mienge. Kwa nini mtoto awe wa mama yake peke yake?"

Kicheko kikaisha. Kuanzia kesho yake ikawa hivyo, anayekaa na ndama anakaa na watoto. Mwenye zamu haendi shambani siku hiyo. Anawapikia uji, anawapa kazi ndogo ndogo, wakikosa anawachapa kidogo, wakiumia anawafuta machozi. Waislamu kwa Wakristo, hapakuwa na mtoto wa fulani. Na sisi wengine tukawa tunakwenda kazini roho zimetulia. Mwanangu, usidharau jambo dogo kama hilo. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na mimi nilikuwa nimekaa na mkono wangu mmoja nikidhani huo ndio uhodari.

Nyumba ya mwisho katika zamu ilikuwa ya Bi Zena. Mwanamke mrefu, mkavu, mzee kidogo kuliko mama yangu, anaishi peke yake karibu kabisa na korongo. Maneno yake machache, ila lile linalotoka linawasha kama upupu. Mimi na yeye tulikuwa tumeshakwaruzana kisimani. Nilikuwa nimechelewa kutoka kazini, nimekuja kuchota maji giza linaingia, akaniambia mbele ya wanawake wenzangu, "Wewe huna mtoto. Wewe una mgeni anayekuja kulala kwako." Wenzangu wakaangua kicheko. Mungu wangu, neno lile liliniuma! Liliniuma kwa sababu nilipofika nyumbani nilimkuta Neema ameshalala na sare ya shule mwilini, na nikakaa pembeni ya kitanda nikalia. Toka siku hiyo nikawa nampa shikamoo kwa sababu ni mkubwa wangu, basi, siongezi kitu.

Tena palikuwa na maneno ya watu. Bi Zena alikuwa amezika watoto wawili wachanga, na mume baada ya hapo. Sasa watu na midomo yao wakawa wanamwangalia kwa jicho la pembeni. Lisemwalo lipo, walisema. Na mimi, nilivyokuwa na donge rohoni, nikaona hiyo methali wahenga waliitunga kwa ajili yangu.

Haya. Jioni moja natoka kazini, nikaona fimbo imeegemezwa kwenye ua wa Bi Zena. Usiku nikapanga, kesho Neema nakwenda naye zahanati, nitasema ana homa. Asubuhi nimemshika mkono tunatoka, mama mkwe huyo mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyo unampeleka wapi?"

"Ana homa, mama."

Akainama, akamgusa mtoto kwenye paji la uso. Kisha akanyoosha mkono akanigusa mimi. "Homa ipo kweli," akasema, "lakini iko kwa mama yake."

Nikatazama chini. Alinivuta pembeni, na ile sauti yake nene akaipunguza, maana hakutaka mtoto asikie. Aliniambia, "Mwanangu, yule mwanamke amezika wawili. Katika kijiji hiki chote hakuna anayejua kuliko yeye mtoto ni kitu gani. Leo ukimpitisha Neema mbele ya ua wake ukaenda naye, utakuwa umemzika na yeye mzima mzima. Na kesho usimlilie mtu hapa kwamba huna wa kumwachia mtoto. Nimemaliza."

Akikuambia amemaliza, amemaliza. Nikarudi ndani. Sikumwasi, lakini sikumtii kwa yote pia, maana nilichukua kopo la maziwa ya unga lililokwisha, nikajaza viazi vya kuchemsha na yai, nikamnong'oneza Neema, "Usile kitu cha watu. Kula cha kwako tu, umesikia?" Mtoto akaitikia. Hujui uzito wa jambo hilo wewe, maana siku hizi mtoto kwenda na chakula kwenye mkebe ni ustaarabu. Kwetu, siku ya zamu, chungu ni kimoja. Mtoto akija na kopo lake, hilo ni tusi lenye mfuniko.

Bi Zena alitupokea nje ya ua. Nikatoa shikamoo yangu ya midomo, akaitikia marahaba. Akaliona kopo. Akaniangalia mimi. Akaliangalia kopo tena, kisha akamshika Neema mkono, akamwambia, "Karibu, mjukuu wangu, wenzako wako huku." Basi. Mimi nikageuka nikashuka korongoni. Lilikuwa mchanga mtupu, kavu kabisa, nilivuka na viatu vyangu miguuni.

Mchana mawingu yalikusanyika upande wa Mtinko, meusi ti. Kwetu hakukunyesha kitu, upepo tu unapiga madirisha. Watu wa korongo wanajua hatari hiyo, kwamba mvua inanyesha kwa wenzako na maji yanakuja kukutafuta wewe. Nilikuwa nakunja mashuka ya wagonjwa niliposikia mngurumo. Siyo radi. Radi inapiga na kuacha, huu ulikuwa unakuja tu hauachi, unakuja, unakuja, mpaka vioo vya kabati la dawa vikaanza kutetemeka. Mtu akapiga kelele nje, "Korongo limeshuka! Korongo limeshuka!" Nikaacha mashuka chini nikakimbia.

Jamani, sijui nikueleze vipi. Pale nilipovuka asubuhi na viatu miguuni palikuwa na kitu kingine kabisa. Yale maji yalikuwa mapana kuliko uwanja wa mpira, yamepanda mpaka kwenye mizizi ya migunga, yanazungusha mti mzima na matawi yake kama wewe unavyozungusha mwiko. Mungu ni mkubwa. Mtu unasimama mbele ya maji ya namna ile, mshahara wako, sare yako, ujuaji wako wote, unaona si kitu. Mvua nayo sasa ikawa imefika, inapiga ng'ambo, hata nyumba ya Bi Zena siioni. Na ile nyumba ndiyo ya kwanza kutoka kwenye ukingo. Nyumba ya udongo, mwanangu, tembe ya zamani!

Sikuwa peke yangu. Alikuwepo jirani yetu fundi seremala, mtu wa miraba minne, ametoka kwenye karakana yake. Alikuwepo mama mmoja muuza vitunguu, katoka gulioni na kapu lake kichwani. Na wengine tena, wote watoto wao wako kwenye zamu. Tumesimama tu. Kuna aliyekuwa anaita jina la mtoto, na sauti inamezwa hata haifiki katikati ya maji.

Hapo ndipo nilipovua viatu. Yule fundi akanikamata khanga kwa nyuma, akanivuta nikaanguka chali. "Mama Neema!" akanipigia kelele sikioni. "Unataka kumfanya yatima?" Nikampiga mateke, kusema kweli. Nilikuwa kama mwehu. Kila neno ovu nililowahi kulisikia juu ya Bi Zena lilikuwa linapita kichwani mwangu moja moja, na nikasema moyoni, nimempeleka mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Nimempeleka kwa mwanamke ambaye kifo kinamjua mlango. Nisamehe mwanangu, lakini ndivyo nilivyosema.

Tulikaa hivyo mpaka mvua ikapungua na jua la jioni likachomoza chini ya mawingu, lile jua la kuaga, la njano. Na pale ng'ambo, kwenye jabali kubwa lililo juu mbali na maji, nikaona mtu amesimama.

Alikuwa yeye. Mrefu, khanga imelowa imemganda mwilini. Kiunoni amejifunga kamba ya ngozi, ile ya kufungia ndama, na kamba ile imekwenda nyuma yake ndefu, na kila baada ya hatua moja kuna mtoto ameishika. Wamejipanga mstari. Wadogo karibu naye, wakubwa mwisho. Amewatoa ndani ya nyumba, amewapandisha juu ya jabali kwenye mvua na tope, na kwa muda nikashindwa kuelewa amewaleta pale kufanya nini. Sauti yake isingetufikia. Alijua hilo. Hakujaribu hata kuita.

Akainama. Akamshika mtoto mmoja kwapani, akamnyanyua juu ya kichwa chake, juu kabisa, mikono imenyooka.

Alikuwa Neema.

Alimshikilia vile nikamwona uso. Kisha akamgeuza, nikamwona mgongo. Akamgeuza tena, taratibu, kama mtu anavyokuonyesha mbuzi ili uridhike hana kilema. Miguu miwili ile pale, mikono miwili ile pale. Neema akapunga mkono. Mwanangu, nilipiga magoti kwenye tope. Sikuomba wala sikuimba, nilitoa tu sauti ambayo sijui ilitoka wapi, na mpaka leo sijawahi kuitoa tena.

Bi Zena akamshusha, akamchukua mwingine. Akamnyanyua vile vile, akamgeuza vile vile. Mama wa vitunguu akalia, "Wangu! Wangu yule!" na kapu likaanguka, vitunguu vikabiringika majini hata hakuvitazama. Akashusha, akachukua mwingine. Kila akinyanyua, mtu mmoja upande wetu anapiga yowe. Mwingine anasema Alhamdulillahi, mwingine anasema Asante Yesu, na yule bibi anaendelea tu, hapumziki. Alipofika kwa mtoto wa fundi, yule mtoto alikuwa kibonge, nilimwona Bi Zena amejaribu mara ya kwanza akashindwa, magoti yakacheza. Akamkumbatia kwanza, akajipanga upya, akamnyanyua mpaka juu. Fundi yule, na miraba yake minne, alikaa chini akajifunika uso akalia kwikwi kama mtoto mdogo.

Alipata wapi nguvu? Mwanamke mkavu vile, mwenye umri ule, anayekula mlo mmoja kwa siku? Mimi nimefanya kazi na wagonjwa miaka mingi baadaye, nimeona watu wakifa na wakipona, lakini sijaona kitu kikubwa kama kile. Alipomaliza wote, akaweka kiganja chake kifuani, akakiacha hapo kidogo, kisha akatunyooshea mkono kuelekea zahanati, kwamba nendeni mkalale, wako kwangu. Akageuka, na mstari wa watoto ukageuka naye.

Asubuhi maji yalikuwa yameshuka mpaka kiunoni, tukavuka tumeshikana mikono. Nilimkuta Neema amekaa nje ya tembe pamoja na wenzake. Wenzake wanakunywa uji, yeye amekaa na kopo tupu mapajani. Nikamwuliza, "Mbona wewe hunywi?"

"Bibi Zena kasema nile cha mama kwanza, kwa sababu mama amesema. Kikaisha jana. Akasema cha kwake nikuombe ruhusa kwanza." Kisha akaniangalia na macho yale. "Mama, naomba uji wa Bibi Zena."

Unasikia hayo? Bibi wa watu nimemtukana kwa kopo, na yeye akakataa kumfundisha mtoto wangu kunivunjia amri. Mtoto amekaa na njaa asubuhi ile, kidogo tu, ili heshima yangu isiguswe. Nilichota uji kwenye chungu, nikanywa mimi kwanza, mbele ya watu wote, nikampa Neema kikombe kile kile. Akanywa mpaka akalamba.

Bi Zena alikuwa anafunga kamba ya ndama, hata hanitazami. Nikamsogelea. Nikatoa shikamoo, safari hii yenye moyo ndani. Kisha nikamwuliza lile lililonikesha, "Mama, kwa nini jana ulianza na wangu?"

Alimaliza kwanza fundo lake. "Wenzako walikuwa wananiamini tangu asubuhi," akasema. "Wao wangeweza kusubiri. Wewe usingeweza."

Akachukua fimbo akaenda kuiegemeza kwenye ua wa nyumba inayofuata.

Usije ukadhani tulikuwa chanda na pete baada ya hapo. Aka! Ulimi wake ulibaki vile vile, na mimi hasira zangu unazijua. Tumegombana tena mara kadhaa, mara mbuzi wake wamekula majani ya viazi vyangu, mara mimi nimemjibu vibaya. Lakini fimbo ikifika kwake, Neema alikuwa anatangulia mwenyewe mbio, kopo hana. Na yule bibi alipofariki, Neema ndiye aliyelia kuliko wote, na mimi ndiye niliyemuosha. Siku hizi korongo lina daraja, bodaboda zinapita juu yake kama hakuna kitu. Sisi wa zamani tukifika pale bado tunapunguza mwendo.

Sasa, mwanangu, nikujibu swali lako la simu. Mtoto usimfungie ndani. Kufuli haina macho, na katuni haiwezi kumnyanyua mtoto. Tafuta watu. Najua utaniambia mjini watu hawaaminiki, na kweli, wapo wasioaminika, mimi sikuambii umkabidhi mtoto kwa kila anayecheka. Nakuambia uwajue. Bisha hodi, salimia, kaa kwenye kigoda chao, ona wanavyoongea na watoto wao wakikasirika. Tafuta kina mama na kina baba wengine hapo mtaani wanaohangaika na likizo kama wewe, maana wapo, wamejifungia na aibu zao kama ulivyojifungia wewe. Muwe na zamu yenu. Na zamu yako ikifika, usitume visingizio vya kazi. Omba ruhusa ofisini mapema, kaa na watoto wa wenzako, wapikie, wafute makamasi. Anayetaka kupokelewa na yeye apokee.

Ukishampata wa kumwachia mtoto, awe dada wa kazi, awe jirani, awe yule mwalimu wa kituo, mpe heshima yake. Usimpe mtoto kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeficha kopo. Kama una shaka, mwulize mwenyewe kwa mdomo wako. Mkigombana, gombaneni ninyi, mtoto asibebe. Na siku ukimwona mama mwenzio anarudi kazini jioni amechoka, usimcheke kwamba mtoto wake ni mgeni. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mwambie tu, "Mwanao yuko kwangu, amekula." Hujui neno hilo linavyomtua mtu mzigo.

Nenda sasa, gari la mwisho lisikuache. Nakuombea, mwanangu, Mungu akupe kazi isiyokunyima mtoto, na mtoto asiyekunyima kazi. Akuzungushie watu, wapole na wakali, kila mmoja na sehemu yake. Mikono yako iwe na nguvu siku ya zamu yako. Na ikija siku umekwama ng'ambo, sauti haifiki na miguu haivuki, awepo mtu upande wa pili wa kumnyanyua mwanao umwone. Amina.